Jinsi ya Kuomba na Kuifanya Kazi ya Kiraia katika Jela ya Kaunti Nchini Marekani

Ndugu zetu wengi wanaozungumza Kiswahili nchini Marekani, wakishapata karatasi za kufanyia kazi, huelekezwa na waliowatangulia kwenye maghala, viwanda vya nyama, nyumba za kulelea wazee na udereva. Ni nadra mtu kuambiwa kwamba ofisi ya sherifu wa kaunti anayoishi huajiri pia makarani, wapishi, wauguzi, mafundi na waendesha milango ambao si askari. Mimi nimekuwa karani wa mapokezi katika jela ya kaunti kwa miaka sita, mingi kati ya hiyo ikiwa zamu ya usiku, na ninauandika mwongozo huu kwa ajili ya mtu mwenye Kiingereza cha kutosha, mwenye subira, na ambaye binamu yake amekwisha kumwambia kwamba kazi hiyo ni ya polisi tu. Mtumishi wa kiraia hapewi bunduki, wala pingu, wala uwezo wa kumkamata mtu. Anachokabidhiwa ni milango na taarifa, na karibu kila kosa nililoona likimwachisha mtu kazi lilihusu kimojawapo cha vitu hivyo viwili.

Hatua ya kwanza: ijue jela yenyewe

Msomaji aliyetoka Kenya anajua kwamba kaunti zetu 47 hazina magereza yake, kwa kuwa magereza yote yako chini ya serikali ya kitaifa, na aliyetoka Tanzania Bara anajua Jeshi la Magereza ni moja kwa Bara yote. Marekani sivyo. Wafungwa wa muda mrefu hukaa katika magereza ya jimbo au ya serikali kuu, ilhali jela ya kaunti huwapokea waliokamatwa hivi punde, wanaosubiri kesi, na waliohukumiwa vifungo vifupi ambavyo kwa kawaida havizidi mwaka mmoja. Nchi hiyo ina zaidi ya kaunti 3,000, na katika nyingi kati yake jela iko chini ya sherifu ambaye huchaguliwa na wapiga kura. Zipo tofauti: Kentucky, ambako Wakongo wengi wamehamia, humchagua mkuu wa jela mbali na sherifu, na majimbo kama Connecticut, Delaware, Rhode Island, Vermont na Hawaii yana mfumo mmoja wa jimbo badala ya jela za kaunti. Kwa hiyo, kabla ya kutafuta nafasi, uliza kwanza ni nani anayeiendesha jela ya mahali unapoishi.

Katikati ya mwaka 2023 jela za aina hii zilikuwa na watu zaidi ya 660,000 kwa siku moja, na takriban 7 kati ya kila 10 walikuwa hawajahukumiwa. Katika mwaka huohuo watu waliingizwa humo zaidi ya mara milioni 7. Takwimu hizo zinakueleza kazi ilivyo. Kwanza, watu huingia na kutoka mfululizo usiku na mchana, kwa hiyo mapokezi na masjala ndiyo moyo wa jela. Pili, unayemhudumia ni mahabusu zaidi kuliko mfungwa. Kisheria hana hatia, na Mahakama ya Juu ya Marekani ilikwisha kusema mwaka 1979, katika kesi ya Bell dhidi ya Wolfish, kwamba mtu anayesubiri kesi hawezi kuadhibiwa. Anazuiliwa tu. Kwenye dirisha la mapokezi utazisikia sauti nyingi zinazosahau tofauti hiyo, na wewe usiwe mmoja wao.

Hatua ya pili: chagua nafasi kabla ya kujaza fomu

Katika matangazo ya kazi, tafuta maneno ‘civilian’ au ‘non-sworn’, yaani mtumishi asiyekula kiapo cha uaskari. Chini ya maneno hayo utakuta karani wa kuandikisha wanaoingia, karani wa masjala anayefuatilia amri za mahakama, mwendeshaji wa chumba cha udhibiti anayefungua milango kwa vitufe na kutazama kamera, mtunza mali za mahabusu, mfuaji nguo, mpishi, fundi bomba, muuguzi, mratibu wa masomo na viongozi wa dini. Angalia pia kwamba jiko, duka la mahabusu na zahanati mara nyingi huendeshwa na kampuni zilizopewa mkataba, na hapo tangazo huwa kwenye tovuti ya kampuni badala ya tovuti ya kaunti, na mafao nayo huwa tofauti.

Ushauri wangu ni kwamba mtu makini wa maandishi aende mapokezi au masjala, na mtu asiyechoka kutazama aende chumba cha udhibiti. Soma sharti la uraia kwa makini. Kaunti nyingi humtaka askari awe raia wa Marekani, lakini kwa nafasi za kiraia baadhi hukubali mwenye makazi ya kudumu au kibali cha kazi. Usikatishwe tamaa na maneno ya mtaani. Soma tangazo, kisha piga simu ofisi ya utumishi na uulize.

Hatua ya tatu: fomu ya historia yako

Hapa ndipo watu wetu wengi huangukia, na si kwa sababu wana madoa. Baada ya maombi ya kawaida utapewa fomu ndefu inayotaka anwani zako zote za miaka kadhaa, mara nyingi kumi, kazi zote, majina yote uliyowahi kutumia, madeni, faini za barabarani, na jamaa waliowahi kufungwa. Kisha utachukuliwa alama za vidole, utapimwa dawa za kulevya na pengine kifua kikuu, na katika baadhi ya majimbo utakalishwa kwenye mashine ya kupima uongo. Sheria ya mwaka 1988 inawazuia waajiri wengi wa binafsi kuitumia mashine hiyo, lakini haizibani ofisi za serikali.

Aliyekaa kambini asiruke miaka hiyo. Andika anwani kama ilivyokuwa: Kambi ya Nyarugusu, mkoa wa Kigoma, Tanzania; au Kambi ya Kakuma, kaunti ya Turkana, Kenya; pamoja na zoni na bloku unayoikumbuka, na tarehe za kadi yako ya mgao kama unazo. Mpelelezi hatarajii kukuta jina la barabara, ila anatarajia kuona muda umeungana bila pengo. Kama jina lako limeandikwa kwa namna tatu katika hati tatu, ziandike zote tatu na ueleze kila moja ilitoka wapi. Kama tarehe yako ya kuzaliwa ni Januari 1 kwa sababu ofisi ya wakimbizi haikuijua halisi, sema hivyo unapoulizwa.

Mimi niliacha kuandika kazi moja ya wiki tatu katika kiwanda cha kufungasha kuku, nikiamini haina maana. Mpelelezi, mama wa makamo aliyevaa miwani ya kamba shingoni, aliweka ncha ya kalamu kwenye mwezi huo, akanyamaza, akaniangalia. Hakuuliza neno. Nilipomweleza, aliandika mstari mmoja pembeni na kuendelea, lakini nilielewa kwamba ukimya ule ndio ulikuwa mtihani. Leseni iliyowahi kusimamishwa, ugomvi wa nyumbani uliowaleta polisi, deni la hospitali: mara nyingi mambo hayo husameheka yakielezwa, ilhali uongo mdogo juu yake hukufungia mlango katika kaunti hiyo na nyingine zitakazouliza. Bangi nayo, hata kama jimbo lako limeihalalisha, bado ni kosa kwa sheria ya serikali kuu, kwa hiyo jibu swali kama lilivyoulizwa na usilijibu kwa kufuata jimbo linavyoruhusu.

Katika usaili utaulizwa swali moja karibu bila kukosa: akiletwa ndugu au rafiki yako, utafanya nini? Jibu sahihi ni kwamba utamwambia msimamizi wa zamu papo hapo, hutagusa faili lake, na utaomba mwenzako ashughulike naye. Lijibu hivyo kwa kuwa ndivyo utakavyofanya, na katika jamii ndogo kama yetu siku hiyo haikawii kufika.

Hatua ya nne: mafunzo na siku za kwanza

Utafundishwa sheria ya mwaka 2003 ya kukomesha ubakaji magerezani, ambayo kanuni zake zilitolewa mwaka 2012 na zinawahusu watumishi wa kiraia, wafanyakazi wa mikataba na wanaojitolea sawasawa na askari. Kwa sheria hiyo, mwanamke anayeingia katika bweni la wanaume, au mwanamume katika bweni la wanawake, lazima atangaze kuwapo kwake. Uhusiano wowote wa kimapenzi kati ya mtumishi na mahabusu ni jinai, na hakuna cha kusema kwamba aliridhia, kwa sababu aliye kizuizini hawezi kumkataa anayeshika mlango wake.

Utafundishwa pia kwamba jela nyingi hazifungui lango kwa ajili ya mateka. Mtumishi akishikwa, hata awe kamanda, amri yake haifuatwi mpaka awe huru. Ni jambo gumu kulisikia siku ya pili ya kazi, lakini lisikilize, kwa sababu ndilo linalokufanya usiwe na thamani machoni pa anayefikiria kukushika.

Simu, saa yenye intaneti, sigara, kisu cha funguo na dawa zako binafsi viache ndani ya gari au katika kabati la nje. Kaunti nyingi hutaka mfuko wa plastiki unaoonyesha yaliyomo. Utapita katika kichumba chenye milango miwili ambayo haifunguki kwa pamoja: wa nyuma hufunga, kitasa kinagonga, kisha wa mbele unafunguliwa na mtu usiyemwona. Simama utulie. Usiushikilie mlango kwa heshima ili anayekufuata apite, kama tulivyolelewa, maana adabu hiyo humu ndani ni kosa la usalama. Funguo zikae zimefunikwa, kwa kuwa mtu mwenye jicho kali anaweza kuyakariri meno ya ufunguo kwa kuyatazama. Na wakati wa kuhesabu watu, hakuna anayetoka wala kuingia hadi hesabu ilingane, hata kama zamu yako imekwisha na mtoto anakusubiri shuleni.

Hatua ya tano: mezani

Sehemu hii nitaikalia zaidi, kwa kuwa ndiyo niijuayo na ndiyo ambayo karani anayejua Kiswahili anaweza kumwokoa mtu au kumwangamiza.

Anza na jina. Chukua jina la mfano, Mwajuma Bakari Shabani. Sisi tunalisoma kama jina la mtu, la baba na la babu. Fomu ya Marekani italichukua Shabani kuwa jina la ukoo, na Bakari huenda likaachwa au likawekwa herufi moja tu. Akikamatwa tena mwakani na leseni yake ikasema Mwajuma Bakari, mfumo utafungua mtu mpya, na amri ya mahakama iliyofutwa katika faili moja itabaki hai katika jingine. Kabla ya kufungua faili jipya, tafuta kwa kila mpangilio wa majina, badilisha r kwa l, ondoa h, kisha uamini alama za vidole kuliko herufi. Ongeza kwamba wakimbizi wengi wamezaliwa Januari 1 katika karatasi, na utaona ni rahisi kiasi gani watu wawili wasiojuana kuwa na jina moja na tarehe moja. Nimewahi kukuta usiku mmoja hati ya kukamatwa ikiwa imeunganishwa na kijana ambaye alikuwa mfupi kwa kichwa kizima kuliko mtu aliyeelezwa ndani ya hati hiyo.

Kisha tarehe. Marekani hutanguliza mwezi, kwa hiyo 03/07 ni Machi 7, na mtu aliyesoma Mbeya au Bujumbura ataisoma Julai 3. Ukimwandikia mtu tarehe ya kurudi mahakamani, andika jina la mwezi kwa herufi.

Kisha saa, ambayo haimo katika kitabu chochote cha mafunzo ya jela. Ndani ya jela saa huandikwa kwa tarakimu nne, 0000 hadi 2359, na mahakama hutumia mfumo wa Kimarekani wa saa kumi na mbili. Anayezungumza Kiswahili huhesabu kuanzia mapambazuko. Niliwahi kumpokea baba mmoja aliyekamatwa kwa kutofika mahakamani, na yeye aliapa kwamba alifika na kukuta chumba kimefungwa. Karatasi yake ilisema saa mbili na nusu asubuhi kwa saa zetu, yaani 0830, lakini aliyemtafsiria alisoma namba kama ilivyo akamwambia ‘saa nane na nusu’. Baba wa watu akafika 1430, akiwa amevaa suti. Tangu siku hiyo, kila mtu wa kwetu anayeachiliwa mikononi mwangu nimemtajia wakati kwa njia mbili, nikamwonyesha kwenye saa ya ukutani mshale utakapokuwa, nikamwomba arudie mwenyewe.

Uliza uraia kwa sababu sahihi. Mkataba wa Vienna wa mwaka 1963, katika kifungu cha 36, unampa mgeni aliyezuiliwa haki ya kuelezwa kwamba anaweza kuwasiliana na ubalozi wake. Kwa nchi nyingi, Kenya ikiwemo, ni hiari yake mwenyewe. Tanzania imo katika orodha ya nchi ambazo ubalozi wake lazima uarifiwe hata kama mwenyewe hataki, na makarani wengi hawalijui hilo. Lakini usimwambie ofisa yeyote wa ubalozi kwamba mtu huyo ameomba hifadhi au ni mkimbizi. Neno hilo moja linaweza kuwafikia watu aliowakimbia, na likishatoka mdomoni halirudi.

Mali za mahabusu zipokee mbele yake. Hesabu fedha kwa sauti, noti kwa noti, na mhesabu pamoja. Pete usiiandike kuwa ya dhahabu, kwa kuwa wewe si sonara. Andika ‘pete moja ya chuma cha rangi ya njano, ina jiwe jeupe’. Saa iandike kwa rangi na kwa kilichoandikwa usoni mwake, bila kuthibitisha kwamba ni halisi. Tasbihi, rozari, hirizi na kitambaa cha kichwa vina utaratibu wake katika kila kaunti, kwa hiyo soma kanuni na mweleze mwenyewe kwa lugha yake vitahifadhiwa wapi. Nimeona mikono inayotetemeka ikitulia kwa maelezo hayo tu.

Kuachilia ni kugumu kuliko kupokea. Kabla mtu hajatoka, tafuta kama ana hati ya kukamatwa kutoka kaunti nyingine, kama dhamana imelipwa kwa kesi zote au moja kati ya mbili, na kama hesabu ya siku alizokaa ni sahihi. Mpe mtu wa pili aikague. Kumwachilia asiyepasa ni hatari, na kumshikilia aliyepasa kutoka ni kumnyang’anya mtu siku za maisha yake, hata kama ni siku moja. Ofisi huogopa sana kosa la kwanza na kulichukulia la pili kwa wepesi. Mimi nayaona sawa.

Kuhusu kutafsiri: ukiombwa umwulize mahabusu kama ana mzio wa dawa au kama amekula, tafsiri. Ukiombwa ukae katika mahojiano ya mpelelezi au umsomee haki zake, zile zilizotokana na kesi ya Miranda ya mwaka 1966, sema wazi kwamba hujathibitishwa kwa kazi hiyo, na uombe mkalimani. Kujua Kiswahili cha Mombasa hakukupi uhakika wa kukielewa cha Bukavu mtu akiwa na hofu, na neno moja lililopotoka huko huishia kwenye ushahidi.

Hatua ya sita: anayeomba kalamu

Mahabusu akitaka kitu huandika karatasi ya maombi, ambayo jela nyingi za Marekani huiita tiara, kwa Kiingereza ‘kite’. Njia hiyo ipo ili maombi yote yapite mahali pamoja na yaonekane. Anayetaka kukuingiza mtegoni hataanza na dawa wala simu. Ataanza kwa kukusifia, kisha atakuuliza unatoka wapi, kisha ataomba kalamu ya ziada, au pipi, au umpigie mama yake simu moja tu umwambie yu mzima. Ukikubali, umefanya jambo ambalo huwezi kumweleza msimamizi, na kuanzia hapo yeye ndiye mwenye siri yako. Atakayefuata atataja kalamu hiyo kabla ya kutaja anachotaka.

Kataa mapema, kwa sauti ya kawaida, bila kufoka: ‘Hilo sifanyi. Andika karatasi, nami nitaipeleka.’ Kama umekwisha kukosea, nenda kwa sajenti siku hiyohiyo ukaseme. Kalamu iliyotajwa siku ileile huishia katika karipio, ilhali kalamu iliyofichwa mwezi mzima nimeona ikiishia mahakamani. Hayo hayakuzuii kuwa muungwana. Mwite mtu kwa jina lake, mjibu swali lake hata kama jibu ni hapana, na usimwahidi lisilo mikononi mwako.

Hatua ya saba: unapoona mwili unasema

Kujiua ndicho chanzo kikuu cha vifo katika jela za Marekani, na saa na siku za mwanzo ndizo hatari zaidi. Karani wa mapokezi ndiye anayeuliza maswali ya afya ya kwanza, au anayekaa mita mbili kutoka kwa muuguzi anayeyauliza. Usiyasome kama orodha ya sokoni. Mtazame mtu usoni, subiri, na ukisikia jibu linalochelewa, sema. Mtu mzima kwetu akiulizwa mbele ya watu kama anafikiria kujiua atakana, kwa hiyo tafuta upenyo wa kumwuliza pembeni.

Mlevi aliyekatiwa pombe ghafla anaweza kufa. Kutetemeka, jasho, kuona visivyokuwepo: hayo humfikia muuguzi mara moja, na hayaachwi kwa dhana kwamba anajifanya. Aliyelala akikoroma kwa namna isiyo ya kawaida baada ya dawa za kulevya huenda anakata roho, na utafundishwa kumpa naloksoni, dawa ya kumzindua, ya kupulizia puani. Mama akipiga simu usiku kusema mwanawe ana kifafa na dawa zimebaki nyumbani, andika jina, dawa, kipimo, na dakika aliyopiga, mpelekee muuguzi kwa mkono, na uandike ni nani aliyepokea. Mahakama ya Juu ilisema mwaka 1976, katika kesi ya Estelle dhidi ya Gamble, kwamba kupuuza kwa makusudi ugonjwa mkubwa wa aliyefungwa ni kuvunja katiba. Karatasi yako ya saa tisa za usiku inaweza kuwa ndiyo inayoonyesha kwamba jela ilijua.

Hatua ya nane: simu za nyumbani

Siku watu wa msikitini, kanisani na chama cha mazishi watakapojua unakofanya kazi, simu zitaanza. ‘Dada, hebu niangalizie.’ Katika kaunti nyingi jina la aliyezuiliwa, shtaka, dhamana na tarehe ya mahakama vimo katika orodha ya wazi kwenye tovuti ya sherifu. Mfundishe anayekupigia namna ya kuifungua orodha hiyo mwenyewe, na hapo ndipo msaada wako unapokoma. Hali ya afya, nani alimtembelea, alisema nini, yuko bweni gani, hayo huyasemi hata kwa mumeo.

Mifumo ya kumbukumbu za jinai, ikiwemo ile ya taifa iliyoanzishwa na FBI mwaka 1967, huandika kila utafutaji pamoja na jina la aliyetafuta na wakati. Kumtafuta mchumba wa mdogo wako ‘tujue ni mtu wa aina gani’ kunatosha kukufukuzisha, na katika majimbo mengine kukushtaki. Nimepoteza marafiki kwa jambo hili. Kuna shangazi ambaye hakuniamkia kwa mwaka mzima kwa sababu sikumwambia mwanawe alikuwa na nani alipokamatwa. Iliniuma, na ingetokea tena ningefanya vilevile, kwa kuwa kijana yule naye alikuwa na haki kwamba aibu yake isitangulie kufika nyumbani kabla yake.

Malipo, na mwisho wa zamu

Saa zinazozidi 40 kwa wiki hulipwa mara moja na nusu kwa sheria ya mwaka 1938, ingawa kaunti inaweza kukupa mapumziko badala ya fedha. Ipo pensheni, ipo bima ya afya, na kwa mwenye mkopo wa masomo wa serikali kuu upo mpango wa mwaka 2007 unaofuta salio baada ya malipo 120 ukiwa mtumishi wa umma, jambo la maana sana kwa wauguzi. Muda wa majaribio huwa wa miezi sita hadi mwaka, na ndani ya muda huo unaweza kuachishwa kwa maelezo machache. Zamu nyingi ni za saa nane au kumi na mbili. Anayefanya usiku aweke pazia nzito dirishani na aieleze familia kwamba usingizi wa mchana ni sehemu ya kazi.

Kabla ya kuondoka, fanya makabidhiano kwa maandishi na kwa mdomo: idadi ya waliomo, nani anasubiri dhamana, nani anaangaliwa kila dakika 15, ni hati ipi haijajibiwa na kaunti nyingine, ni simu ya mama yupi hujaijibu. Hesabu funguo mbele ya anayekupokea, mwonyeshe sahihi yako, na usubiri aweke yake.